Shimo Linalomeza Kijito: Namna ya Kufuatilia Maji Yanakotokea

Nilipopata mashine yangu ya kwanza ya kumenya kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, sikujiuliza maganda nitayapeleka wapi. Jibu lilikuwepo tangu enzi za babu. Nyuma ya shamba letu, ukingoni mwa bonde la mto Songwe, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuna kijito kinachotiririka kama vijito vingine vyote, halafu kinafika chini ya jabali jeupe, kinazunguka mara moja kama ng'ombe anayetafuta pa kulala, na kuzama ardhini. Hakuna dimbwi wala bwawa. Kijito kimekwisha. Watu wa kwetu wametupa humo kila kisichotakiwa: mabua, mbwa aliyekufa, oili chafu ya pikipiki. Mimi nikatupa maganda ya kahawa, toroli baada ya toroli, Julai nzima.

Jumapili moja shemeji yangu, mke wa kaka yangu wanaoishi kule bondeni, akapandisha mlima na dumu la lita tano. Hakukaa hata kwenye kigoda.

"Shemeji, hebu nusa."

Nikanusa. Maji yalinuka kama pombe ya kimpumu iliyolala siku tatu.

"Haya ndiyo tunayochota chemchemini. Watoto wanaharisha. Wewe ndiye fundi bomba wa ukoo, tuambie kuna nini."

Nilikuwa najua kuna nini, na sikusema. Nilimwambia wachemshe maji, nami nitakwenda kuangalia. Usiku ule nilihamisha maganda yaliyobaki kwa toroli mpaka kwenye shimo kavu upande wa pili wa shamba, kwa tochi, kama mwizi. Ilinichukua mwaka mzima kuja kusema ukweli mbele ya kamati ya maji, na siku niliposema, mzee mmoja aliniuliza swali lililonifunga mdomo: "Una uhakika gani kuwa ni shimo lako? Mbona juu kuna mashimo matatu?"

Alikuwa na haki. Harufu ilinipa shaka, lakini uhakika sikuwa nao. Kwa hiyo tukapima. Ninayoeleza hapa ni namna tulivyopima, pamoja na makosa yetu, kwa yeyote mwenye shimo la namna hiyo kijijini kwake na chemchemi moja au mbili bondeni.

Kwanza hakikisha jiwe lako ni la chokaa

Maji hupotea kwa sababu nyingi. Ukienda Rungwe, kwenye mto Kiwira, wenyeji watakupeleka Daraja la Mungu, kisha Kijungu, ambako mto unajipenyeza kwenye shimo mfano wa chungu na kupita chini ya mwamba. Mahali pale panatisha na kupendeza kwa pamoja, lakini mwamba wake ni wa volkano. Kanuni za kule si za huku.

Chokaa ina tabia yake. Maji ya mvua yakipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza hubeba gesi ya kabonidioksaidi na kugeuka tindikali dhaifu. Tindikali hiyo huiyeyusha chokaa polepole. Ufa wa kupitisha unywele unakuwa wa kupitisha kidole, kisha mkono, na baada ya maelfu ya miaka unapitisha kijito kizima. Huku Songwe kuna na kioja kingine: jabali lenyewe liliwekwa na maji. Chemchemi za moto, baadhi zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 80, hutoka chini zikiwa na chokaa iliyoyeyuka. Zikifika juu gesi hutoroka, na chokaa huganda tabaka juu ya tabaka. Ndiyo inayochimbwa kutengeneza saruji, na ndiyo wanayoichoma kwenye matanuru wauza chokaa wa barabarani.

Kujua ni rahisi. Vunja jiwe, likwaruze kwa msumari upate unga, kisha udondoshee ndimu au siki. Ukiona povu dogo na kusikia mchemko kama wa soda iliyofunguliwa karibu na sikio, hiyo ni chokaa. Tumia unga, maana ndimu kwenye jiwe zima inaweza isikuonyeshe kitu ukadanganyika. Na vijana wakikuletea maji ya betri kwa sababu "yana nguvu zaidi," wakatalie. Yanaunguza macho na ngozi, na ndimu inatosha.

Alama nyingine utaiona jikoni. Maji yaliyopita kwenye chokaa huacha ukoko mweupe ndani ya sufuria na birika, na sabuni haitoi povu kwa urahisi. Shemeji yangu alikuwa akilalamika juu ya sabuni miaka kumi kabla ya maganda yangu.

Usiingie

Hapa nitasema sana, kwa sababu kila nikielezea shimo hili, kijana mmoja huuliza kama ana kamba aingie aone.

Sababu ya kwanza ni mvua. Mvua ya masika kwetu huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na inaweza kunyesha milimani wakati wewe uko chini ya jua. Kijito kinachokufika kifundoni saa nane kinaweza kukufika kifuani saa nane na nusu, na ndani ya shimo huna pa kukimbilia.

Ya pili ni gesi, na kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini hii si hadithi. Kabonidioksaidi hutoka ardhini kwa wingi Rungwe, kiasi kwamba inavunwa na kujazwa kwenye mitungi, na nyingine unaikuta kwenye soda. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama mabondeni na mashimoni. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Waswahili wa Goma, kule Kongo, sehemu za namna hiyo huziita mazuku. Ukiona ndege, vyura au panya waliokufa mdomoni mwa shimo bila jeraha, rudi nyuma na uwaondoe watoto na mbuzi. Watu husema mshumaa ukiwaka hewa ni salama. Mimi nisingeweka roho yangu juu ya mshumaa.

Ya tatu ni ukingo. Udongo unaozunguka shimo la chokaa mara nyingi umeliwa kutoka chini, nyasi zimebaki juu kama mkeka uliotandikwa juu ya kisima. Tazama miti iliyoinama kuelekea shimoni, nyufa zenye umbo la nusu duara kwenye udongo, au mti wa uzio ambao mwaka jana ulikuwa wima. Sisi tulifunga kamba kwenye mkuyu ulio mbali na ukingo, na aliyesogea kumwaga chumvi alifungwa kiunoni. Watu walitucheka. Tukaendelea kufunga.

Na popo. Kinyesi chao kikirundikana pangoni kinaweza kuwa na vimelea vya ukungu vinavyoingia mapafuni kwa vumbi tu. Popo waache na nyumba yao.

Pia waone wazee kabla hujagusa chochote. Shimo letu lilikuwa mahali pa tambiko, na wapo wanaolihesabu hivyo mpaka leo. Nilikwenda kwa mzee wa ukoo wa mwene, yaani chifu wa kwetu, nikamwamkia, nikaeleza. Aliuliza chumvi itakuwa kiasi gani, nikamwambia kilo 25. Akasema, "Basi mizimu itakula ugali mtamu mwaka huu," akacheka mpaka akakohoa. Ruhusa ikawa imepatikana.

Daftari kabla ya chumvi

Watu hukimbilia kumwaga kitu shimoni. Kabla ya hapo nunua kaunta buku, utembee. Orodhesha kila chemchemi, kisima na sehemu yenye majimaji ndani ya kilomita tatu au nne kutoka shimoni, hasa upande wa chini, lakini usidharau bonde la jirani. Maji ya ndani ya chokaa hayafuati mteremko unaouona kwa macho, hufuata nyufa. Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu tuna mito miwili yenye jina moja la Songwe: mmoja unakwenda Ziwa Rukwa, na mwingine unakwenda Ziwa Nyasa ukiwa mpaka wetu na Malawi. Shimo langu lipo upande wa Rukwa. Mtu aliye kwenye kilima cha katikati asiape kabla ya kupima.

Kwa kila chemchemi andika joto, hali ya sabuni, na jinsi maji yanavyobadilika baada ya mvua. Kipimajoto cha kawaida cha kioo kinatosha. Chemchemi yenye maji ya moto muda wote, mvua ije isije, inatoka mbali chini na huenda haihusiani na shimo lako. Chemchemi inayochafuka na kuwa rangi ya chai ya maziwa ndani ya siku moja baada ya mvua kubwa ndiyo ya kushukiwa. Kati ya chemchemi saba tulizoandika, tatu zilikuwa za moto tukaziweka kando, mbili hazikuwahi kuchafuka, na mbili zilichafuka: ya kwa shemeji, na nyingine ndogo karibu na shule.

Kisha pima wingi wa maji. Kwenye kijito chagua sehemu iliyonyooka ya mita 10, tupa chungwa, hesabu sekunde. Rudia mara tano uchukue wastani. Chungwa ni bora kuliko kijiti kwa sababu linazama karibu lote na halisukumwi na upepo. Letu lilitumia sekunde 34. Upana wa kijito ulikuwa nusu mita, kina cha wastani sentimita 12. Zidisha upana kwa kina kwa mwendo, kisha punguza moja ya tano, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayojikwaruza na mawe. Tukapata kama lita 14 kwa sekunde.

Kwa shemeji chemchemi ina bomba, kwa hiyo ni ndoo na saa tu. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde nne: lita tano kwa sekunde. Sasa ona. Shimo linameza 14, chemchemi inatoa tano. Hata kama zote zinatoka shimoni, kuna lita tisa zinatokea mahali pengine. Lita hizo tisa nilizizungushia duara jekundu daftarini, na duara hilo lilikuja kuwa na maana kuliko nilivyodhani.

Chumvi

Nilianza na njia ya babu, maranda ya seremala. Niliyamwaga debe mbili na kungoja siku mbili chemchemini. Halikutoka hata moja. Vitu vinavyoelea hukwama kwenye mabwawa ya chini kwa chini na kwenye nyufa nyembamba, na kutoonekana kwake hakuthibitishi chochote. Ndiyo maana zile hadithi za fimbo ya mzee fulani iliyopotelea huku ikaokotwa kule huwa nazisikiliza kwa adabu tu.

Kinachosafiri na maji ni kilichoyeyuka. Chumvi ya mezani ni rahisi na haina sumu kwa kiasi hiki. Unahitaji kipimo kidogo mfano wa kalamu, chenye skrini, kile wanachokitumia wauza maji ya kuchuja. Bei yake ni ya kuku wa kienyeji mmoja au wawili. Hupima kiasi cha madini yaliyoyeyuka na kuonyesha namba. Kwa chumvi ya kawaida, namba inayopanda inakaribiana na miligramu za chumvi kwa kila lita.

Mara ya kwanza tuliharibu kila kitu. Tulimwaga chumvi kavu kijitoni, ikakaa chini kama mchanga na kuyeyuka taratibu siku nzima, badala ya kuingia kwa mkupuo. Kina mama wawili walikuwa wanafua juu ya chemchemi, na sabuni nayo hupandisha namba. Na alasiri kukatokea msiba, vijana wawili tuliowaweka kwenye zamu wakaondoka kwenda kukesha, kama inavyopaswa. Daftari lina nafasi tupu kutoka saa tisa alasiri mpaka saa nne usiku. Kilo 25 zikaenda bure.

Mara ya pili tulifanya hivi. Tulingoja Mei mwishoni, mvua zimekatika lakini kijito bado kina nguvu. Katikati ya masika maji mengi hufifisha chumvi, na mwisho wa kiangazi maji machache huichelewesha mpaka watu wanachoka. Siku tatu kabla, tulipima kila chemchemi asubuhi, mchana na jioni ili tujue namba yake ya kawaida. Ya shemeji ilikuwa 310, ikicheza kati ya 306 na 313. Bila siku hizo tatu huwezi kujua kama kupanda ni kupanda kweli.

Tulitangaza kanisani na kwa balozi wa nyumba kumi: siku ya kupima, hakuna kufua chemchemini, na maji ya kunywa yachotwe jana yake. Usiruke hatua hii hata kama chumvi haina madhara. Watu wakionja maji yamebadilika bila taarifa, utaeleza mbele ya mtendaji.

Chumvi ikayeyushwa kwanza. Lita moja ya maji haishiki zaidi ya gramu 360 hivi za chumvi, kwa hiyo kilo 25 zinataka angalau lita 70. Tulitumia lita 120 kwenye pipa na kukoroga kwa mwiko wa ugali wa msibani mpaka chini pasiwe na punje. Saa kumi na mbili kamili asubuhi pipa likainamishwa, likaisha kwa dakika mbili. Saa ikaandikwa.

Kwenye kila chemchemi walikaa watu wawili wenye saa, daftari na betri za akiba, wakipima kila dakika 15. Chakula tuliwapelekea hukohuko. Mtu mwenye njaa hupima kwa kubuni, hilo nimelishuhudia kwenye kazi nyingi za mabomba.

Saa sita na dakika kumi mchana simu yangu ikalia. Alikuwa shemeji mwenyewe, aliyegoma kumwachia kijana yeyote kalamu. "Shemeji, 318." Dakika 15 baadaye, 331. Saa nane kasorobo ilifika 395, ikaanza kushuka, na saa kumi na moja jioni ilikuwa imerudi 312. Ya karibu na shule haikusogea kabisa. Inachafuka kwa sababu nyingine, na baadaye tuliona ni ng'ombe.

Kwa kamba na kwa simu, umbali kutoka shimoni mpaka chemchemini ni kama kilomita moja na mita 300. Safari ilichukua saa sita na dakika kumi. Hiyo ni zaidi ya mita 200 kwa saa, mwendo wa mtoto anayetumwa dukani asikotaka. Maji yanayopenya kwenye udongo wa kawaida hutambaa, pengine sentimita chache tu kwa siku, na safari hiyo ndefu ndiyo inayoyachuja. Kwenye chokaa hakuna anayeyachuja. Yaliyoingia asubuhi yametoka mchana.

Hesabu inayofuata ni ya hiari, ila mimi nisingeiacha. Chukua wastani wa kupanda kwa namba, uzidishe kwa lita zilizotoka kwa muda wote huo. Kwetu wastani ulikuwa 45, kwa saa tano, lita tano kwa sekunde. Lita 90,000 mara miligramu 45 ni kama kilo nne. Tulimwaga 25. Nyingine 21 zilikuwa wapi?

Duara jekundu. Tulishuka na kipimo mpaka mto wenyewe, tukitembea ukingoni ndani ya matete. Siku ya tatu, chini ya mizizi, tukakuta maji baridi yakibubujika ndani ya mto, mahali ambapo yote yanayozunguka ni ya uvuguvugu kwa sababu ya chemchemi za moto za juu. Miguu ndiyo iliyogundua, si kipimo. Mvuvi mmoja alituambia hapo ndipo samaki wanapojificha kiangazi, na kwamba tungemuuliza tungeokoa siku tatu.

Rangi, na kwa nini hatukuitumia

Umbali ukizidi kilomita kadhaa, au maji yakiwa mengi, chumvi inashindwa. Wataalamu hutumia rangi iitwayo fluoresini, unga mwekundu wa machungwa unaogeuka kijani kinachong'aa majini, na unaoonekana hata ukiwa umefifishwa sana. Habari yake maarufu ni ya Ujerumani. Mto Danube hupotea kwenye chokaa karibu na Immendingen, na wenye mitambo ya mto Aach, kilomita 12 hivi kusini, walikuwa na ugomvi na wenzao wa juu waliotaka kuziba mashimo. Oktoba 1877 profesa Adolf Knop alimwaga kilo 10 za fluoresini, na kwenye jaribio hilohilo zikatumika tani 20 za chumvi. Baada ya saa 60 hivi chemchemi ya Aach ikawa kijani. Maji yaliyokuwa yaelekee Bahari Nyeusi yalikuwa yanakwenda mto Rhine na Bahari ya Kaskazini. Wajerumani na tani 20, sisi na kilo 25, ugomvi ni uleule.

Rangi usiimwage kwa mamlaka yako. Chemchemi ikigeuka kijani bila taarifa utaleta taharuki, na dozi inataka hesabu ya mtu aliyesomea, kwa kawaida ni gramu, si kilo. Nenda ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu. Sisi ni Bonde la Ziwa Rukwa. Au anzia RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, hasa kama chemchemi iko chini ya chombo cha watumia maji. Ukienda na daftari lenye wingi wa maji, joto na namba za chumvi, utasikilizwa haraka kuliko ukienda na malalamiko. Wao wanaweza pia kuning'iniza chemchemini vifuko vya mkaa maalumu unaonasa rangi, hivyo hakuna haja ya mtu kukesha. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi hiyo vizuri, nawaambia kabla hamjajaribu.

Ukishajua

Kishawishi cha kwanza ni kulifukia shimo. Msilifukie. Maji hayataacha kuja. Yatafurika mashambani juu ya shimo au yatafungua tundu jingine, pengine chini ya nyumba ya mtu. Sisi tulitoa takataka zilizofikiwa na reki ndefu kutoka ukingoni, magunia 31, bila mtu kushuka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60 kutoka ukingo wa mto bila shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo, nasi tukazihesabu kutoka kijitoni na kulizunguka shimo lote. Mita 60 ni nyingi kwa mwenye robo ekari. Mabishano yalichukua miezi minne na mpaka sasa kuna migomba kumi ambayo kila mtu anajifanya haioni. Ndani ya eneo hilo tulipanda mabingobingo kwa mistari, yanakamata udongo na ng'ombe wanapata malisho ya kukatiwa.

Maganda ya kahawa sasa yanakwenda kwenye shimo lenye kingo za udongo mfinyanzi, yanachanganywa na samadi, na msimu unaofuata yanarudi shambani. Maji ya kuoshea kahawa yanapitia mashimo mawili ambamo uchafu hutua chini kabla ya kumwagwa kwenye nyasi, mbali na kijito. Vyoo vya shimo vilivyokuwa karibu tulivihamisha vitatu. Cha nne mwenyewe alisema tumpe matofali, na matofali hayajapatikana.

Hata hivyo maji ya chemchemi hiyo yachemshwe au yatiwe dawa, hasa siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, maana mbuzi hawajui mita 60. Na pimeni tena kila mwaka, mwezi uleule. Mwaka jana chumvi ilifika saa tano na dakika 20 baada ya kumwagwa, badala ya saa sita na dakika kumi. Huenda mvua zilikuwa nyingi zaidi, au kuna mahali njia imepanuka. Shemeji aliandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu, akaongeza pembeni kwa mwandiko wake wa kulala: "Maji safi. Hayanuki."